Maua ya Bibi Hayataki Udongo

Siku niliyotoka maternite, nilikolazwa wiki tatu, nilirudi na mtoto kifuani nikamkuta mwenye nyumba wetu hapa Musaga amechuchumaa barazani kwangu, mikono imejaa matope. Maua yangu yote saba, niliyoyaacha yametundikwa ukutani, alikuwa ameyapanda kwenye mikebe ya udongo. Yaliyopandwa mwanzo yalikuwa yameshaanza kuoza.

"Mama, nimekusaidia," akasema, anacheka. "Mumea gani unakaa bila udongo? Ulikuwa unaua bure."

Mara mbili nyuma alishanipandia moja moja, na mara mbili nikamweleza kwa heshima. Safari hii nilifoka mpaka majirani wakatoka.

Usinicheke bado, rafiki. Maua hayo yalitoka Kamenge, kwa bibi yangu, miaka ile uhuru ulipoingia. Barabara ilikuwa inapanuliwa, miti mikubwa ikaangushwa, watu wakakimbilia kuni. Bibi akakimbilia vilivyoota juu ya matawi: maua meupe yanayoshika gome, yasiyogusa ardhi maisha yao yote. Aliyafunga kwenye vipande vya mbao kwa nyuzi za nyavu kuukuu zilizonuka ndagala, vidagaa vya ziwani, akayatundika barazani.

Nilipokuja kukua, miaka mingi baadaye, kuyanywesha ikawa kazi yangu. Jumatano na Jumamosi, maharage yakitokota, nilichota maji ya mvua pipani, nikazamisha ubao mmoja mmoja kwenye beseni. Saa hatukuwa nayo. Tulipima kwa Salamu Maria kumi. Nilizikimbiza ili nikacheze, na Bibi akisikia tu, anaita toka jikoni: "We! Huyo Maria unamufukuza wapi? Anza tena!" Mizizi iliingia majini myeupe kama majivu, ikatoka ya kijani; hapo unajua imekunywa. Kisha unageuza ubao kichwa chini, maji yachuruzike, yasilale katikati ya majani.

Hata mimi niliwahi kukosea, nakiri. Nililionea huruma ua moja dogo, nikalipanda kwenye mkebe wa maziwa. Baada ya wiki mbili Bibi alilichomoa, akanisogezea puani. Lilinuka kama kitambaa cha vyombo kilichosahaulika. Hakunipiga. "Umelizika likiwa hai," alisema, basi. Sikurudia. Nilikuwa na miaka saba! Mwenye nyumba ana wajukuu.

Bibi hayupo tena; maua hayo saba ndiyo aliyoniachia. Baraza lake limebomolewa, na palipokuwa na miti pana maduka. Kati ya maua saba, nimeokoa mawili.

Kesho yake nilikwenda kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu. Karani wake aliponisikia, akaweka kalamu chini.

"Mama, kweli ni sababu ya maua?"

"Apana. Ni sababu nimesema na sikusikilizwa. Lete karatasi."

Nikaandika mwenyewe:

"Kwa Bwana Shefu wa Kartie. Mimi, mpangaji, namshitaki mwenye nyumba kwa kuingia barazani kwangu bila ruhusa na kuua maua matano ya marehemu bibi yangu, baada ya kukatazwa mara mbili. Siombi fidia, hayanunuliki. Naomba aitwe, aambiwe mbele yangu kwamba kilichotundikwa kwenye ukuta wa huyu mama hakiguswi. Yamebaki mawili. Nasubiri jibu hapa kwenye benchi, mimi na mtoto wangu, na hatuondoki."