Mikono Ndani ya Miwani

Fundi Kidole alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu, na kwa miaka thelathini ya kutengeneza ndege za jeshi hakuna aliyewahi kumkuta na kosa. Jina alipewa kwa sababu ya kidole chake cha mwisho, kilichopindishwa na kifuniko cha injini enzi za ujana. Mwaka juzi walimvika glavu zenye nyaya wakarekodi kila alichofanya. Sasa wanafunzi wakivaa miwani maalumu huona, juu ya injini yenyewe, mikono ya kijani ikiwaonyesha: shika hapa, fungua pale. Yeye hakuwahi kuivaa miwani hiyo. "Mpishi haombi kuonjeshwa chakula chake," alisema. Maringo hayo!

Asubuhi moja rubani alikuwa ameshapanda ndege, ngazi imeondolewa. Kidole akapita kwenye ubao wa vifaa, ambako kila kifaa kimechorewa umbo lake ili kirudishwe hapo baada ya kazi. Umbo la tochi lilikuwa tupu.

"Usiwashe! Usiwashe!" Alikimbilia mbele ya ndege akipunga mikono kama mwehu.

Tochi waliikuta ndani ya mdomo wa injini, karibu kabisa na mapangaboi yake ya kuvuta hewa. Injini ingeimeza, na Mungu ndiye ajuaye rubani angetokaje.

Binti aliyekagua injini hiyo, mmoja wa wanafunzi, akasogea mbele. "Ilianguka kutoka mfukoni, mzee. Sikujua."

"Mfukoni? Nani kakufundisha kutia kifaa mfukoni?"

"Mikono, mzee. Hatua ya kumi na nne." Akampa miwani.

Kidole akaivaa. Mikono ya kijani ikamulika, ikakagua, kisha bila haraka ikachomeka tochi kwenye mfuko wa kifuani. Kidole cha mwisho cha mkono huo kilikuwa kimepinda.

Akapapasa kifua chake: tochi yake mwenyewe, isiyo ya ubaoni, ilikuwamo, kama kila siku kwa miaka thelathini. Umleavyo ndivyo akuavyo, na yeye alikuwa amelea mamia asiowajua hata kwa sura.

Mkuu wa kikosi akafika, amefura kwa hasira. "Huyu binti afukuzwe leo hii!"

Miwani haikuandikwa jina la mtu. Kidole angeweza kunyamaza, akastaafu na heshima zake.

"Afande," alisema. Akachomoa tochi mfukoni, akainyanyua kwa mkono wenye kidole kilichopinda. "Mwalimu wake ni mimi. Piga simu kambi zote zenye miwani hii, ndege zisiruke."