Ameshinda Kesi, Nyumba Imekuwa Kimya

Jua halijachomoza Karatu, na Dorkasi Tluway tayari anapiga pasi shuka la nane. Chumba cha kufulia cha loji hii kiko nyuma ya jiko, hakina dirisha. Wageni wanaolalia mashuka hayo hajawahi kuonana nao.

"Nimezoea kukaa peke yangu," anasema bila kuinua macho. "Pasi haiulizi habari za nyumbani."

Nyumbani ni Endamarariek: nyumba ya vyumba vitatu na ekari mbili alizochuma na mumewe, Julius. Julius alipofariki mwaka 2019, Raphaeli, ndugu wa marehemu, alibadili kufuli Dorkasi akiwa zamu ya wiki nzima lojini. Aliporudi alikuta ng'ombe wa Raphaeli uani, na nguo zake ndani ya kiroba nje ya lango.

Alishitaki. Kwa miaka mitatu mshahara wake wa shilingi 190,000 kwa mwezi ulikwenda kwenye nauli ya mahakamani, kodi ya chumba na karo ya binti yake. Akashinda. Raphaeli hakukata rufaa, wala hakuhama.

"Aliniambia, 'Shemeji, hiyo ni karatasi. Kailalie.'"

Alingoja mwaka mzima, akidhani hukumu itajipeleka yenyewe, mpaka karani mmoja alipomwonea huruma. "Mama," alimwambia, "mahakama haimtoi mtu bila kuombwa. Aliyeshinda ndiye anayeleta maombi ya kukazia hukumu."

Akaomba. Dalali wa mahakama, ambaye kazi yake ni kutekeleza amri za namna hiyo, alipeleka notisi ya siku kumi na nne. Siku zilipotimia, Raphaeli alifunga lango kwa minyororo na kukaa nyuma yake na fimbo. Dalali aliandika alichokiona, akakirudisha kwa hakimu. Ndipo Raphaeli alipoitwa aeleze kwa nini asifungwe, awe mfungwa wa madai, kwa kuzuia amri ya mahakama.

Asubuhi ya shauri hilo Dorkasi alielezwa jambo ambalo hakulitarajia: chakula cha mfungwa wa aina hiyo hulipiwa na aliyeomba afungwe.

"Nikacheka. Amekula mahindi yangu miaka mitano, sasa nimlishe na gerezani?" Anaiweka pasi pembeni. "Halafu nikalia. Ni yeye aliyembeba Julius mgongoni siku tulipokosa gari la kwenda hospitali."

Mbele ya hakimu alisema yuko tayari kulipa, ila shemeji yake apewe kwanza siku saba. Hakimu akakubali. Siku ya sita Raphaeli akaswaga ng'ombe wake, akaondoka.

Nyumba imerudi, watu hawajarudi. Kila akienda mapumziko, majirani huitikia salamu yake wakiwa wameshageuka. Kwao yeye ni mwanamke aliyetaka kumfunga shemeji yake. Binti yake yuko Dodoma kikazi.

Mwezi ujao mkataba wake wa loji unakwisha, naye hataki mwingine. Atapanda mahindi na ngwara, jamii ya maharage. Jumapili ya kwanza ni zamu yake kuwapokea wanajumuiya kwa sala, na ameshaazima mabenchi mawili parokiani.

Na wasipokuja?

Dorkasi anakunja shuka, pembe juu ya pembe.

"Nitaanzisha wimbo mwenyewe, kwa sauti. Zamani jirani yangu Antonia ndiye aliyekuwa akiniitikia, na jiko lake liko karibu. Atasikia."