Majina Hewa ya Mama Funguo

Mama Funguo hakuwahi kusaini kitu akiwa amesimama. Mletee karatasi, hata iwe ya kupokea ndoo mbili za chokaa, atavuta kiti kwanza. Atavaa miwani, atasoma mpaka vile viandishi vya chini ambavyo hata aliyevichapa havisomi, kisha ataigeuza aone nyuma kuna nini. Akishasaini, anapiga mstari mrefu kwenye nafasi yote iliyobaki, asije mtu akajazia maneno yake. Watu walimcheka. Aliwaacha wacheke, maana wao hawakuvunjiwa kibanda.

Kibanda alikuwa nacho kweli, karibu na kituo cha mabasi, akiuza nyuzi, vifungo na zipu. Siku moja waliitwa kwenye mkutano wa usafi wa mtaa. Akaenda, akanywa soda yake, akaandika jina kwenye karatasi ya mahudhurio kama wenzake, akarudi zake dukani. Miezi mitatu baadaye likaja tingatinga. Alipokwenda ofisi ya mtaa kulalamika, karani alimfungulia faili taratibu, kama mtu mwenye siku nzima ya kupoteza. Ndani mlikuwa na barua ya wakazi kukubali kuhamishwa, na nyuma yake, imebanwa kwa pini, ile ile karatasi ya mahudhurio, kichwa chake kimekatwa kwa mkasi. Yeye alikuwa namba saba, kwa mwandiko wake mwenyewe mzuri aliojivunia tangu shule.

"Si ulikubali, mama?" karani alimuuliza.

Alitembea kwa miguu hadi nyumbani bila kumsalimia mtu.

Baadaye alipata kazi ya kutunza ukumbi wa mtaa. Alifagia, alipanga viti, alifukuza popo, na fungu la funguo likawa kiunoni mwake miaka kumi na tisa, mpaka jina lake halisi likasahaulika. Humo humo alimlea mjukuu wake, binti wa marehemu mwanawe, aliyejifunza kusoma kwa mabango yaliyobandikwa ukutani. Binti akakua, akaanzisha na wenzake kikundi cha maigizo. Walikuwa wanaigiza kero za mtaa, bomba lililopasuka, shule isiyo na madawati, halafu viongozi wanakaa pale mbele na wananchi wanawauliza maswali. Siku za maswali ukumbi ulijaa hadi madirishani.

Ndipo wafadhili wakaja. Ulikuwa ni mfuko fulani, una nembo ya mikono iliyoshikana, nao ukatoa ruzuku ya taa za jukwaa, vitabu, na mwalimu wa kuwafundisha waliofeli mtihani. Zaidi ya hapo, katibu wa kikundi, yaani binti, aliahidiwa kulipiwa chuo cha ualimu mwaka ukiisha.

"Na wao wanapata nini?" Mama Funguo aliuliza.

"Hawapati kitu, bibi. Wanataka tu wananchi washiriki."

"Tu! Na mimi niliitwa kwenye usafi tu."

Alizigusa taa mpya, zilikuwa taa kweli. Alifungua vitabu, vilikuwa na kurasa zote. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi, kwani mtu anayetaka kukupiga changa la macho hakupi kitu kibovu. Kisha akaona sharti. Kila kikao lazima watu waandike jina, namba ya simu na saini kwenye karatasi ya mahudhurio. Machale yakamcheza hadi kwenye nywele.

Hakumwambia mjukuu wake. Aliomba yeye ndiye akae kwenye meza ya mlangoni, na kila aliyeinama kuandika alimnong'oneza, "Andika jina lolote, ila si lako. Na namba uigeuze." Hakuna aliyehitaji kuelezwa mara mbili, kila mtu alikuwa na tingatinga lake. Fundi viatu alijiandika kwa jina la mwalimu aliyemchapa darasa la nne. Mshona nguo aliandika la mume aliyemkimbia, na akalisaini kwa hasira. Muuza maziwa, ambaye hana ubunifu, aliandika la ng'ombe wake.

Chini ya kila karatasi kulikuwa na maneno: nathibitisha kuwa waliotajwa ni wakazi wa mtaa huu na wamehudhuria. Binti alikuwa anateremka jukwaani rangi zikimchuruzika usoni, anapokea karatasi kwa bibi yake, anasaini amesimama. Alisaini tisa.

Barua ilifika siku binti alipokuwa anapaka rangi mandhari ya igizo jipya. Mhakiki wa mfuko alikuwa amepiga namba zote. Karibu zote hazikupatikana, na moja ilipokelewa na mchinjaji wa mji mwingine aliyemtukana. Barua ilisema majina ni hewa, ruzuku imesimama, na katibu ataondolewa ufadhili wa chuo kwa kosa la kughushi, asipotoa maelezo ndani ya siku saba.

Binti aliisoma mara mbili. Brashi ilikuwa inadondosha rangi ya bluu sakafuni.

"Bibi, karatasi ulikuwa nazo wewe."

Mama Funguo alieleza yote, kibanda, karani, pini. Alipomaliza, hasira ikampanda, maana aibu ilikuwa nzito kuliko alivyoweza kuibeba. "Na wewe! Nimekulea humu ndani, kila siku nakwambia usisaini usichosoma. Kwa nini hukusoma?"

"Kwa sababu zilitoka kwako."

Mama Funguo alichukua kitambaa akaanza kufuta ile rangi sakafuni. Alifuta mpaka pakatakata, akaendelea kufuta.

Kesho yake alikuwa kiguu na njia. Aliyewafundisha watu kuficha majina sasa alikuwa anawabembeleza wayatoe, nao walimtazama kama walivyowatazama wageni wote wenye mafaili.

"Kumbe na wewe wamekununua?" fundi viatu alimuuliza, misumari mdomoni.

"Nikikiri leo, kesho si kesi?" mshona nguo akadakia.

"Sijui," Mama Funguo alisema. "Wale watu hata mimi siwaamini. Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

Siku mhakiki alipokuja ukumbini kusikiliza maelezo, walifika kumi na wanne, wakakaa viti vya nyuma, karibu na mlango. Mhakiki alikuwa mwanamume mkavu, shati limenyooka, meno hayaonekani. Alisoma jina la kwanza. Alilirudia.

Fundi viatu akasimama. "Mimi."

"Ndilo jina lako?"

"La mwalimu wangu. Alinichapa sana."

Watu walicheka kwa woga. Mhakiki alimpa kalamu aliandike tena, akalinganisha mikia ya herufi na ya kwenye karatasi, akatia alama. Akaita la pili. Muuza maziwa alipoulizwa, alijibu kwamba mwenye jina yuko malishoni. Mmoja mmoja waliandika, na herufi zilikuwa zile zile.

"Nimeona watu wapo," mhakiki alisema mwishoni. "Sasa nataka majina ya kweli." Akasukuma karatasi nyeupe mezani. Hakuna aliyesogea.

Mama Funguo aliitazama kutoka mbali. "Haina kichwa."

"Kichwa tutaandika baadaye, mama."

Alitaka kuzima taa, afunge ukumbi, aondoke na funguo zake. Lakini binti alikuwa amesimama pembeni ya jukwaa, mikono imekunjwa, hamtazami.

"Andika sasa hivi," akamwambia mhakiki. "Andika tarehe, na shughuli ya leo. Na andika kwamba katibu hakughushi, mimi ndiye niliyewaambia."

Mhakiki alipumua kwa nguvu, akaandika. Mama Funguo akavuta kiti, akavaa miwani, akasoma, akaigeuza nyuma, akairudisha. Kisha, namba moja, akaandika majina yake yote matatu. Ule mwandiko wa kujivunia haukutoka. Fundi viatu akaja nyuma yake, halafu mshona nguo, halafu wengine. Alipomaliza wa mwisho, Mama Funguo akapiga mstari wake mrefu na kumpelekea mjukuu wake karatasi na kalamu, akionyesha mahali pa katibu.

Binti hakuishika kalamu. Alivuta kiti, akakaa, akaanza kusoma, kidole kikifuata mstari kwa mstari. Akaigeuza, akatazama nyuma.

Mhakiki alitazama saa. "Hiyo imetoka kwa bibi yako."

"Najua," binti alisema, akaanza tena kutoka juu.