Kadi Chini ya Godoro

Mama mkwe wangu alifika Mbingu kutoka Sanje na mkungu wa ndizi, akasema atakaa nasi mpaka mpunga uishe kuvunwa. Siku ya tano, nilipotoka shuleni nilikokuwa nafundisha darasa la pili, nilimkuta barazani na mwanawe. Nilimwamkia. Mkononi alishika kadi yangu ya kliniki.

"Nimeanika godoro, nikaikuta," alisema. "Mimi sijui kusoma, mwanangu. Hebu nisomee."

Mume wangu alikuwa akinoa mundu. Hakuinua kichwa, lakini mkono ulisimama.

Miaka mitatu kabla ya hapo, uchungu ulinishika wakati wa masika, barabara imekatwa na maji. Nililazwa juu ya magunia kwenye tela la trekta, tukafika Ifakara jioni. Walinipasua. Mtoto alikuwa ameshakufa. Daktari alimwambia mume wangu tusubiri miaka miwili ili mshono upone, naye akakubali. Ila miaka miwili ilipotimia, sikumwambia kwamba bado nachoma sindano ya kuzuia mimba. Kila baada ya miezi mitatu niliaga kuwa nafuata mshahara, nikapitia kliniki. Mtoto nilimtaka. Lakini nikilikumbuka lile tela, mwili uliniganda.

"Ni ya malaria, mama," nikasema. "Tarehe za dawa."

Akaweka kidole kwenye kadi. "Hii nyota ya kijani imechorwa ukutani kwenye zahanati ya kwetu. Wote tunajua ni ya nini."

Mume wangu akaweka mundu chini. "Bado unachoma?"

"Sijaacha."

"Mwaka mzima mama ananiuliza, namwambia Mungu hajapenda. Kumbe ni wewe."

"Ningekuambia, ungenikataza."

"Hukunipa nafasi ya kukataza wala ya kukubali."

Alichukua blanketi, akahamia shambani kwenye kibanda cha kulindia ndege, siku nne. Mama mkwe hakunigombeza. Tulipika na kupepeta mchele pamoja. Siku ya tatu ndipo aliposema, bila kuniangalia, "Nilizaa tisa, nikazika wanne. Hakuna aliyeniuliza kama naogopa."

Mume wangu aliporudi alikaa mlangoni, miguu ina tope. "Tukipata mwingine," alisema, "utakaa Ifakara mwezi mzima kabla ya siku zako za kujifungua kufika. Nitakutafutia chumba. Lakini usinifiche tena."

Ilinichukua miezi saba mingine kuthubutu kuacha sindano, na safari hii alijua. Nilishika mimba mwaka uliofuata. Binti yetu alizaliwa kwa upasuaji katikati ya masika, chumba changu kikiwa hatua chache kutoka hospitali. Nilipozinduka nilimwambia nesi kwamba huyu mmoja ananitosha. Mume wangu alikuwa kando ya kitanda amempakata mtoto, akasikia. Hakuniomba mwingine tena. Mpaka leo sijui kama alikubali au alivumilia tu.