Dawa ya Moyo na Mgeni wa Alfajiri

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda nimesukwa mistari iliyopinda. Aliyenisuka ni mdogo wangu Anjela, ambaye niliishi naye chumba kimoja Magomeni baada ya mama yetu kufariki kwetu Masasi. Alikuwa mdogo kiasi kwamba majirani walidhani ni mwanangu, wakaniita Mama Anjela, na jina hilo nimezeeka nalo. Alivuta nywele mpaka machozi yakanitoka, akaniambia tulia dada, wagonjwa watakupenda. Nikatulia. Nikaenda kazini kichwa kinaniuma.

Kazi yenyewe ilikuwa kutoa dawa, kwenye dirisha la wagonjwa wa nje la hospitali moja ya mjini. Bosi wetu tulimwita Mfamasia Mfawidhi, maana yake ndiye mkuu wa dawa zote, za dirishani na za stoo. Mtu mrefu, mkavu, hana utani. Aliniangalia kichwa, akaliangalia dirisha, akasema, "Dada, hapa hatuuzi karanga. Dawa ya moyo huipitishi dirishani hivi hivi. Mgonjwa mpe mkono, msalimie, na ukiwa bado umemshika muulize analalaje."

"Analalaje, mzee?"

"Analalaje. Na akijibu haraka haraka, usimwachie."

Nilimwona ana wazimu kidogo. Foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye ngazi, na mimi nishike watu mikono. Lakini bosi ni bosi, nikashika.

Siku zile tuliyoitoa sana ni propranolo. Iko kwenye kundi la dawa zinazouzuia moyo usiitikie homoni ya hamaki, ile inayofanya kifua kidunde ukikurupushwa na mbwa. Ukimeza, moyo unatulia, unapiga polepole, na presha inashuka. Ni dawa nzuri, mtu asije akasema Mama Anjela kaitukana. Ila ina maudhi yake, na vijana mnaosoma siku hizi mnayakariri kwa mtihani kisha mnayasahau. Mwenye pumu inaweza kumbana kifua. Mwenye kisukari, sukari ikimshuka, yale mapigo ya kumshtua hayaji, pengine atabaki na jasho tu. Wengine huchoka, husikia kizunguzungu wakiinuka. Mikono na miguu hupoa. Na wapo wachache ambao dawa hiyo huwafika mpaka kwenye ubongo, wakaota ndoto nzito, au wakaona watu wasiokuwepo.

"Kuota siyo shida," Mfamasia Mfawidhi aliniambia siku moja tukihesabu makopo stoo. "Muulize kama anayemwota anaondoka yeye akiamka."

Sikumuuliza alijuaje. Alisema hivyo akiwa anaangalia kona ya stoo, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Baadaye nikahamishiwa kituo cha afya upande wa Ilala, chini ya Matroni aliyekuwa na sauti ya kuamsha mtaa. Aliniona nashika mikono ya wazee, akaniuliza mbele ya watu, "Wewe unatoa dawa au unachumbia?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini mkono sikuacha. Ni nikiwa hapo Ilala ndipo Anjela alipofariki, kwa homa ya uti wa mgongo, akiwa msichana mkubwa, msusi anayetafutwa. Mistari yake ilikuwa imenyooka kabisa wakati huo. Nililia mpaka sauti ikakauka, kisha nikanyoa nywele zangu zote, na tangu siku hiyo sijawahi kuziacha zikakua. Sikutaka mkono mwingine kichwani mwangu.

Nilipostaafu serikalini nikachukuliwa na duka la dawa Kariakoo, katikati ya wauza vyombo na wauza vitambaa. Mwenye duka alikuwa mama wa Kilimanjaro, mkali wa kazi, mwema wa moyo. Ghorofani kulikuwa na daktari wa moyo, sisi tuko chini. Hapo ndipo nilipompata Bi Zubeda.

Bi Zubeda alikuwa mjane, anauza udi na ubani kwenye kibaraza karibu na soko. Ulijua amefika kabla hajaingia, harufu inatangulia. Mtu wa maneno huyo. Alikuwa akinikuta nimenuna ananiambia, "Dokta, leo umemeza ndimu?" Alianza propranolo kwa sababu moyo wake ulikuwa unakimbia ovyo. Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda sawa.

Kisha mchana mmoja, jua la Kariakoo linawaka na lami inanata, akaja kuchukua dawa kabla siku zake hazijafika. Nikampa mkono.

"Unalalaje siku hizi, Bi Zubeda?"

"Nalala vizuri."

Haraka hivyo. Sikumwachia. Mkono ule ulikuwa wa baridi, baridi ya kitu kilichotolewa kwenye friji. Nikasogeza vidole kwenye kifundo cha mkono kutafuta mapigo. Likaja pigo moja. Nikasubiri, nikasubiri mpaka nikaogopa, ndipo likaja jingine.

"Bi Zubeda, mbona baridi hivi?"

Akaangalia nyuma kama kuna mtu anasikiliza, kisha akainama kwangu. "Usiwaambie wanangu, watasema nina jini. Nina mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mzee Shomari." Huyo ni mumewe, alikuwa ameshazikwa muda mrefu. "Anakuja alfajiri, wakati wa adhana. Anakaa kwenye kigoda miguuni pangu. Kanzu imelowa, ndevu zinachuruzika. Nikifumbua macho yupo, nikikaa kitandani bado yupo. Mwanzoni alikuwa haongei. Nilipoongeza kidonge kimoja, akaanza kuongea."

Kumbe dawa ilikuwa inaisha mapema kwa sababu hiyo. Mwanamke anajizimia moyo wake ili amsikie mumewe.

"Anasemaje?"

Akatabasamu kama bibi harusi. "Ananiambia, njoo Zubeda, maji yako tayari."

Nimeshiriki misiba mingi ya Waislamu hapa mjini, nimekaa uani na akina mama nikisubiri maiti aoshwe. Nilijua ni maji gani. Yeye pia alijua, nilimwona machoni, na hakuwa na hofu hata kidogo. Hofu yote nilikuwa nayo mimi.

Nikamwambia ukweli wote papo hapo, na sikumbembeleza. Nikamwambia, "Huyo analetwa na kidonge. Kidonge hichohicho kinausimamisha moyo wako. Ukiongeza kingine hutaamka." Na nikamwambia pia asithubutu kukitupa chooni akifika nyumbani, kwa sababu moyo uliozoea dawa hii ukiikatisha ghafla unaweza kukimbia kuliko mwanzo, na hilo nalo linaua. Inapunguzwa kidogo kidogo, daktari akiangalia.

Akauvuta mkono wake. Sikuuachia.

"Dokta," akasema polepole, "angekuwa ni wa kwako, ungekubali aondoke?"

"Ningekubali leo leo."

Nilijibu haraka, naona sasa. Alipotaka kuinuka macho yakampinduka, akaniangukia kifuani mzimamzima na udi wake. Tukambeba mimi na mwenye duka mpaka kwa daktari. Walimlaza hospitali, wakampunguzia dozi wakimwangalia, kisha wakambadilishia dawa ya kundi hilohilo isiyopenya sana kwenye ubongo. Akapona. Mapigo yakarudi vizuri.

Alikuja dukani baada ya hapo, mkono wake una joto la kawaida. Nikamuuliza analalaje. Akanijibu, "Kigoda kitupu, dokta." Hakunitania tena mpaka anafariki, na alifariki akiwa ameshamwona mjukuu wake akiolewa. Kila mwezi alinipa mkono, akachukua dawa, akaondoka. Nilijisikia vizuri kwamba yuko hai, na nilijisikia vibaya pia, sijui niiteje hali hiyo.

Sasa nimestaafu kabisa. Kiti changu pale dukani anakalia Nuru, binti niliyemfundisha mwenyewe, na kila dawa ya moyo anaitoa kama nilivyoitoa mimi. Nami ni mgonjwa wake. Moyo wangu umeanza kurukaruka, daktari ameniandikia propranolo. Nilicheka nilipoiona karatasi.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Alfajiri, taa za barabarani zikiwa bado hazijazimwa, kuna anayekaa nyuma yangu kitandani. Simwoni. Nasikia magoti yake mgongoni, nasikia vidole vinagawa nywele, vinavuta mpaka machozi yananitoka. Mistari inakwenda imepinda. Najua ni dawa, najua mpaka inakopita. Kisha najishika kichwa, kichwa kimenyolewa, hakuna cha kusuka, na vidole bado vinaendelea. Juzi nikasikia sauti: tulia dada, bado kidogo.

Jana nikaenda dukani. Siku zangu zilikuwa bado hazijafika. Nuru akaniamkia shikamoo, nikaitikia, akaupitisha mkono wake dirishani na mimi nikampa wangu.

"Unalalaje siku hizi, Mama Anjela?"

"Nalala vizuri, mwanangu."

Hakuniachia. Nikaona vidole vyake vinasogea taratibu kwenye kifundo changu, na uso wake unabadilika.

"Mama," akasema, "mbona baridi hivi?"