Mimba ya Sumni

Mughwai, bwana mifugo wa Mwankoko, hakuwa na mashine ya kuonyesha yaliyo ndani ya tumbo. Alikuwa na kipimo cha kusikilizia moyo na mikono yake miwili. Mama yake hakujaliwa binti, hivyo yeye ndiye aliyesukasuka maziwa kwenye kibuyu tangu utotoni, na wenzake wakamtania kwa kazi ya kike. Chuo cha mifugo kilikuja baadaye.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa alizoea kupima ng'ombe. Siku alipoitwa kwa mbwa, watu waliokusanyika uwanja wa kijiji walicheka.

"Serikali imetuletea daktari wa mbwa," alisema Gasto, mwenyekiti wa kijiji. "Kesho ataletwa wa panya."

Mbwa huyo, Sumni, ndiye aliyewazuia fisi wasiingie zizini kwa mjane Febronia. Sasa tumbo lilikuwa limemvimba, na Gasto alikuwa ameamua auawe kabla ya jua kuzama.

"Ni mimba," alisema Febronia.

"Mimba ya nani, mama? Kichaa cha mbwa kilipoingia, tuliazimia madume wote wauawe. Hakuna dume hapa kijijini. Huo ni ugonjwa."

Mughwai alipiga goti kando ya mbwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Weka kiganja hapa ubavuni."

Upande wa pili akagonga kwa kidole, kama agongavyo kibuyu mtu anayetaka kujua kama siagi imeshika.

"Yangekuwa maji, wimbi lingekupiga kiganjani."

"Halijanipiga."

Akapapasa chini ya tumbo, akakuta vitu vigumu vinasogea. Akasikiliza kwa kipimo, kisha akamvisha Gasto masikioni.

Gasto aliinamisha kichwa. Mioyo midogo ilikwenda mbio, ikipitana kama mvua juu ya bati.

"Ni watoto," alikiri.

Febronia akauliza kwa upole, "Mwenyekiti, yule anayebweka uani kwako usiku ni mbuzi?"

Safari hii kicheko kilibadili njia. Azimio lilikuwa la wote, isipokuwa aliyelisoma mkutanoni. Na ujamaa huozea hapo hapo, kwenye ua wa kiongozi.

Gasto alivua kipimo. "Basi, aachwe."

"Na wako mlete kesho," alisema Mughwai, "nimchome sindano ya kichaa. Mbwa aliyechanjwa hana haja ya kufichwa."

Febronia hakungoja jibu. Alikuwa tayari njiani kurudi zizini, Sumni akimfuata polepole.