Sahani Chini ya Mlango

Ukimwuliza mtu wa Matuu Halimo ni nani, atakuambia ni yule mama Msomali wa duka la mahindi nyuma ya soko, anayebishana bei kwa Kikamba kuliko Wakamba wenyewe. Aliolewa hapa akitokea Garissa. Mumewe, Shire, ni mtu wa mbuzi: leo yuko mnadani Kithyoko, kesho ng'ambo ya Tana, na duka akamwachia mkewe. Kikamba alifundishwa na Kamanthe, mama mtu mzima anayeuza maembe barazani pa duka hilo. Kamanthe huyo ndiye aliyempa paka wa duka jina la Karani, kwa kuwa alishinda kando ya mizani akimkazia macho kila mteja, kana kwamba anamwandika.

Basi sogeeni niwape habari ya Karani, na ya Halimo pia, maana hazitengani.

Ilikuwa baada ya ile mvua ya Elinino. Mahindi yalichipua ndani ya magunia, na panya walihamia mjini kama watu walioitwa kazi. Katikati ya neema hiyo, Karani akaugua. Alijilaza chini ya kaunta, ute ukimning'inia mdomoni, hataki kuguswa na mwanga. Halimo alimnywesha maziwa ya mbuzi kwa kijiko, akampangusa mdomo kwa leso yake mwenyewe. Asubuhi moja Karani akainuka, akajinyoosha, akaruka mpaka kwenye mizani. Halimo alimshukuru Mungu kwa sauti.

Kamanthe hakushukuru. Alimtazama paka kitambo, kisu kikiwa kimesimama ndani ya embe.

"Mama Hoodo," akasema, "hii paka imepona, lakini mwenyewe hajarudi."

Halimo alicheka, ila alikuwa ameshaona. Karani alimtazama kama anavyotazamwa mpangaji mpya. Mahindi yakimiminwa, alishtuka mwili mzima. Alitafuna ubao wa kaunta hadi fizi zikatoka damu, na hakuonekana kujua.

Siku iliyofuata Halimo alinyoosha mkono kuchukua kopo la kupimia, na Karani akamvaa. Hakunguruma, hakulia. Alikuja kimya, akazamisha meno kwenye kiwiko cha mkono na kubaki hapo, macho wazi, mpaka Kamanthe alipombandua kwa kopo lilelile. Kile kimya ndicho kilichowatisha kuliko jeraha.

Vijana wa soko walikuja na mawe. Aliyewazuia ni Maundu, daktari wa mifugo. Akawaeleza kwamba huenda ni kichaa cha mbwa, ambacho paka pia hupata, na wakimuua watabaki wakibahatisha. Afungiwe siku kumi na alishwe. Akizimaliza akiwa hai, mama hana ugonjwa huo. Akamgeukia Halimo, akamwamuru aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi, na kesho yake aende Machakos kuchomwa sindano, asingoje paka.

Jeraha aliliosha. Machakos hakwenda. Kila mtu sokoni alikuwa na hadithi ya sindano za tumboni, ndefu kama misumari ya paa, na Shire alikuwa mbali, na barabara ilikuwa imeliwa na mvua. Akamwambia Kamanthe kwamba ataona kwanza kama Karani anakula.

Walimfungia kwenye stoo ya mabati nyuma ya duka, ambamo Shire huweka ngozi za mbuzi zilizotiwa chumvi. Mlango ulikuwa na nafasi chini, sahani ikapita. Kwenye chuo cha Kurani, utotoni, Halimo alifundishwa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia bila kumlisha. Kwa hiyo sahani haikukosa kamwe. Kila asubuhi aliikuta tupu, imelambwa ikang'aa.

Mtaa mzima ukageuka. Vijana wale wa mawe wakaleta utumbo wa kuku. Muuza nyama akatoa mapafu bila kuombwa. Salamu ya soko ikawa ni hiyo tu: paka amekula? Amekula. Basi mama ni mzima. Wengine walimtania Halimo kwamba mgonjwa wake anakula vizuri kuliko waume zao.

Hapo mwanzo Karani alilia mle ndani, sauti nzito kama ya mtoto mwenye kikohozi. Kisha akaacha. Kikabaki kitu kinachotembea juu ya ngozi, taratibu, huku na huku. Siku moja Halimo aliposukuma sahani, ilivutwa. Haikuguswa tu; ilivutwa kutoka vidoleni mwake na kuingia gizani, ikikwaruza sakafu. Nywele zilimsimama. Halafu akafurahi, maana mfu havuti sahani.

Siku ya kufungua ilipofika, Maundu alikuja na glavu nene na gunia. Watu walisimama mbali. Alisukuma mlango, na panya wakamiminika kati ya miguu yake, wanono, wasio na haraka.

Karani alikuwa nyuma ya ngozi, amekauka na kubanwa bapa, hata Maundu alimpita mara ya kwanza akidhani ni ngozi nyingine. Harufu yake ilikuwa imefunikwa na harufu ya stoo.

"Huyu alikufa mwanzoni kabisa," Maundu alisema polepole. "Mama, ulikuwa unamlisha nani?"

Kamanthe alivua aproni yake ya maembe, akamshika Halimo mkono ule mzima, wakapanda pikapu ya Maundu kwenda Machakos.

Sindano yenyewe ilikuwa ya begani. Halimo alilia alipoiona ilivyo ndogo. Daktari wa huko alimwambia wazi kwamba wangeanza mapema ingekuwa bora, na kwamba ugonjwa huu hauna haraka, huweza kulala mwilini miezi mingi, hata kupita mwaka.

"Nitajuaje?" Halimo akauliza.

"Koo litakataa maji."

Akamaliza sindano zote. Miaka imepita, binti yake Hoodo amekua na kuolewa, na wanaojua mambo hayo wamemwambia mara nyingi kwamba hatari imekwisha. Huitikia kwa adabu. Lakini ukifika dukani kwake mapema, utamkuta ameweka glasi ya maji juu ya kaunta, anaitazama. Usimharakishe. Ataiinua, atasema bismillahi, atapiga funda moja na kusimama nalo mdomoni, akisikiliza. Mteja hungoja, gunia begani.

Kisha koo humeza, naye huuliza unataka debe ngapi.